Fundi Lakiri na Gurudumu la Nyuma

Ukitaka kugombana na Fundi Lakiri, mwambie kwamba gavana ni kifaa tu. Ataweka spana chini, atafuta mikono kwenye ovaroli, na asubuhi yako itakuwa imeishia hapo. Tuko ofisi moja mwaka wa tisa sasa, yeye akifunga magavana, hivyo vidhibiti mwendo, kwenye malori, mimi nikiandika vyeti, na hotuba yake naijua kuliko namba yangu ya simu. Dereva ana haraka, tajiri ana haraka zaidi, mzigo hauna habari, basi wa kusema "inatosha" ni gavana peke yake. Na gavana husema kile alichofundishwa na fundi.

Jina hilo alipewa na madereva, kwa ajili ya ile lakiri, muhuri wa madini ya risasi, anayoibana kwenye waya ili mtu asifungue kifaa bila kujulikana. Ya kwake ina namba saba. Akishaibana, lori halizidi kilomita themanini kwa saa hata ukanyage mafuta mpaka sakafuni. Wapo waliomjaribu. Mmoja alileta lori waya umekatika, akasema ni panya.

"Panya huyo," Fundi akamuuliza, "alitumia plaizi ya saizi gani?"

Miaka kumi na miwili hakuwahi kukosea na, niseme ukweli kwa kuwa nampenda, alikuwa analijua hilo kupita kiasi. Akipita uani, mabega yalitangulia, yeye akafuata.

Basi Jumanne moja akaingia Mjomba Kobe. Ni mjomba wake kweli, kaka wa mama yake, ndiye aliyemfundisha kushika usukani. Hilo la Kobe tulimbandika sisi wa uani, maana kwa miaka ishirini na sita ya malori hajawahi kuandikiwa kosa hata moja, na baiskeli zikimpita huzipungia mkono. Jumanne hiyo hakumpungia mtu. Askari wa barabarani alimpiga tochi, kile kipima mwendo chao, ikasoma themanini na tano. Kampuni ilikuwa imemsimamisha, na Ijumaa wangekaa kuamua kama anabaki na lori au anarudisha funguo.

"Mshale wa spidi ulikuwa themanini, mwanangu," akamwambia Fundi Lakiri. "Na gavana alishanikatalia kuongeza. Naapa."

Uani pakawa na vicheko. "Kumbe Kobe ana gia ya siri!" Mzee wa watu akabaki ameshika kofia.

Mkuu wa kituo chetu akaingia chini ya usukani, akatoka anatabasamu. Lakiri nzima, namba saba, haijaguswa.

"Basi uliachia gari mteremkoni, ambako gavana hazuii, mzee. Wote husema hawakuachia."

"Pale ni tambarare, bwana mkuu."

"Utawaeleza Ijumaa. Sisi tumejitoa. Andika lakiri ni nzima," akaniambia.

Kalamu ninayo. Lakini Fundi Lakiri alikuwa hasikilizi, anatazama magurudumu. Kwetu, kabla ya kufunga gavana, hupimwa gurudumu la nyuma, kwa kuwa ndilo linalosukuma gari. Unatia alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, lori linasogea mpaka chaki ya tairi irudi chini, halafu unapima umbali. Kipimo hicho ndicho gavana anachohesabia mwendo, na mshale wa spidi humfuata yeye. Ukimdanganya kipimo, naye atadanganya, tena kwa moyo safi kabisa.

"Futi," akasema, nikampa ile tepu ya kupimia.

Akapima nyuma: mita tatu na sentimita ishirini. Kwenye cheti, kwa mwandiko wangu mimi, ilikuwa mita tatu kamili. Akapima mbele, ambako tairi zilikuwa ndogo. Mita tatu kamili.

Akakaa chini palepale, juu ya mafuta.

"Nilipima la mbele," akaniambia kwa sauti ndogo. "Siku ile nyuma kulikuwa na dimbwi. Nilivaa viatu vipya. Nikasema, ah, si tairi ni tairi."

Sasa nitasema nilichofanya, ingawa hakinipambi. Nilimnong'oneza kwamba tairi hubadilishwa kila siku. Naweza kuandika kuwa za nyuma ziliwekwa baada ya kipimo, nani atajua?

"Na anayetakiwa kutoa taarifa ya tairi mpya ni nani?" akauliza. "Si dereva? Utakuwa umemrusha majivu akanyage moto."

Akasimama. Nilidhani atamvuta mkuu pembeni. Thubutu! Alisimama katikati ya uwanja, mbele ya walewale waliokuwa wanamcheka mjomba wake.

"Mshale ulisema themanini, gari lilikwenda themanini na tano. Tochi haikukosea, mjomba hakukosea. Nimekosea mimi, namba saba."

Kisha Mjomba Kobe akakohoa.

"Kwa hiyo kweli nilikwenda themanini na tano?"

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

"Mimi!" Akashika kiuno. "Ndiyo maana siku zile nafika mapema, mke wangu ananishika paji la uso kuangalia kama naumwa!"

Tukacheka mpaka kuegemea malori. Mkuu peke yake hakucheka. Alichukua plaizi ya lakiri ya namba saba akaifungia kabatini mwezi mzima, na malori manne mengine ya siku ile ya viatu yakaitwa yarudi yote. Fundi Lakiri akapewa kazi ya kufagia na kuosha spana. Aliifanya yote, mabega sasa yakitembea pamoja naye, na sikupenda kumwona hivyo hata kidogo.

Ijumaa kampuni ilisoma barua yetu, Mjomba Kobe akarudishiwa lori. Jumatatu akalileta lifungwe gavana upya. Mkuu mwenyewe akachora chaki, akachuchumaa nyuma na futi.

"Sogeza, mzee!"

Injini inanguruma, lori limetulia.

"Sogeza!"

Mjomba Kobe akatoa kichwa dirishani. "Bwana mkuu, heshima yako iko palepale. Plaizi ni yako, lakiri bana wewe. Lakini ndani ya gari hili ndimo ilimo roho yangu. Apime yule anayejua kosa linapoingilia."

Mkuu alivimba. Alimtazama mzee, akatutazama sisi, akautazama msururu wa malori uliokuwa umeanza kupiga honi getini. Mwishowe akanyoosha mkono wenye futi bila kugeuka.

Fundi Lakiri akaacha ufagio. Akapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, akafuta alama ya mkuu, akatia ya kwake. Alikuwa analia na hakujificha.

"Haya, mjomba," akasema. "Twende."

Lori likaanza kusogea.