Siku Bibi Aliponipaka Poda Mbele ya Mgeni Rasmi

Ilianza Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Najua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya Bibi nikiangalia muda uliobaki kabla ya magharibi. Nikikumbuka yaliyofuata natamani kujifunika shuka mpaka kidato cha nne kiishe, ila acha niandike yote, na atakayetaka nimsimulie nitampa daftari asome mwenyewe, maana mdomo wangu hauwezi.

Nilikuwa nakariri neno moja tu la Kiingereza, "take". Mahafali yalikuwa Jumamosi, sisi wa kidato cha tatu tulipangiwa maonyesho, na Madam wa Kiingereza (mtu wa Moshi, sauti yake inafika mpaka ghala la korosho) akanichagua mimi, mimi ambaye nikiulizwa swali darasani natazama viatu, eti nisimame mbele ya wazazi nieleze neno dogo hivyo linavyofanya kazi za watu kumi. Maana wenye lugha yao wanalitumia kwenye kunywa chai, kumeza dawa, kupiga picha, kupanda basi, kufanya mtihani, ndege ikiruka ni hilo, na ukimuaga mtu ukamwambia ajitunze ni hilohilo. Nililipenda, sitadanganya. Nililitafutia kazi nyingine kwenye kamusi ya Madam mpaka zikafika kumi na moja.

Bibi alikuwa jikoni anachambua mbaazi. Nakaa naye hapa Nkowe tangu darasa la tatu, mama yupo Nachingwea na wadogo zangu.

"Mke mwenzangu," akaniita (ndivyo anavyoniita, eti tunagawana marehemu babu), "Jumamosi nakuja kukutunza. Ila Kizungu sikijui, Kiswahili chenyewe nasukuma tu. Nitajuaje kama sasa ndo umefika penye utamu?"

Kwetu mtoto akisimama mbele za watu, wa kwao wanamfuata palepale na vigelegele, wanamfuta jasho kwa kanga, wanampaka poda, ili kila mtu aone huyu ana watu. Ningeweza kumwambia asubiri makofi. Ningeweza kumwambia amwangalie Madam. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye daftari, nikajibu ilimradi nimejibu: "Wewe Bibi ukisikia 'take' tu, ndo hapo."

"Teki."

"Eeh, hivyohivyo."

"Teki. Teki. Hiyo rahisi, siisahau." Akaendelea kuzifundisha mbaazi zake.

Na mimi nikaendelea kukariri hotuba ambayo neno hilo limo kila mstari, wala sikushtuka!

Jumamosi Bibi alikaa mstari wa pili chini ya turubai na Mama Zuhura na wanawake wengine wawili anaobangua nao korosho, wote sare ya kanga. Mgeni rasmi alitoka Ruangwa mjini, kavaa suti na joto lile. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili, nikasalimia, nikasema neno langu leo ni "take".

Kigelegele! Watu wakacheka kidogo, nami nikajipa moyo kwamba yamekwisha. Nikaenda kwenye chai, nikalitaja tena, Bibi huyo, anacheza taratibu kuja mbele, kopo la poda mkononi, akanimwagia shingoni. Nikaenda kwenye dawa, wenzake watatu nao wakainuka. Kwenye picha nilikuwa nimeshapakwa uso mzima, nikapiga chafya kwenye kipaza sauti na turubai zima likaitikia. Wanafunzi wa nyuma wakaanza kuhesabu, "Ya tano hiyooo!" Madam ananionyesha kwa mkono niendelee, mgeni rasmi anajifuta poda kwenye suti, nami nikaona nitumie akili, nikaliruka neno lenyewe. Nikasema sentensi yenye shimo katikati. Kidato cha nne chote kikalijaza shimo kwa sauti moja: "TEKI!"

Bibi, aliyekuwa anarudi kukaa, akageuka, akaja tena, mbio mbio, anahema, anacheka, kanga anaipepea usoni kwangu.

Hapo ndipo niliposema. Sikunong'ona, kipaza sauti kilikuwa mdomoni.

"Bibi, basi! Unanitia aibu!"

Nikasikia turubai linavyopigwa na upepo. Bibi alifunga kopo lake, akazungusha kifuniko mpaka mwisho, akakunja kanga, akapita mstari wa pili bila kukaa, akatoka. Mama Zuhura na wenzake wakamfuata. Nikamalizia maana zilizobaki, hakuna aliyehesabu wala kucheka. Mgeni rasmi alipiga makofi. Nikashuka nikiwa mweupe kama mhogo uliomenywa, na njiani kuna mmoja akaniita, "Oya, Teki, bibi yako kakuacha?"

Jioni nilimkuta kapika kama kawaida. Akanipakulia, akaniambia, "Salma, kula." Jina langu hilo sikumbuki mara ya mwisho kulisikia mdomoni mwake. Nikala. Baadaye akasema bila kuniangalia, "Wenzangu wananiuliza nimekosea wapi. Nimewaambia sijui. Nilisikiliza vizuri, kila lilipotoka nililisikia."

Niliomba msamaha pale pale, akasema yameisha, akaosha vyombo. Lakini hayakuisha, maana mimi nilimwaibisha mbele ya watu, halafu nikaja kumwomba radhi jikoni, mlango umefungwa, sisi wawili tu. Nimejiapia kwamba mtu akiniuliza kitu nitafunga daftari kwanza ndipo nijibu, na sitamsemea vibaya mtu aliyekuja kwa ajili yangu, hata aje na gunia la poda.

Jumapili asubuhi alitoka mapema kwenda kwa Mama Zuhura kubangua. Nikamfuata. Walikuwa wanne uani, mikono ina majivu ili mafuta ya maganda yasiwababue. Nikapiga magoti, nikawaamkia, wakaitikia kwa shida. Nikasema Bibi jana hakukosea kitu, mimi ndiye niliyemwambia akilisikia lile neno aje, naye alikuja, na nimemkosea mbele yenu ndo maana naomba radhi mbele yenu. Sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya kifaranga.

Bibi hakuinua macho kwenye korosho zake.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Mama Zuhura sikio la kushoto halisikii."

Nikasema tena, kwa nguvu.