Daktari wa Madubwana

Juzi niligeuza mdoli wa binti yangu, nikaona mhuri unyayoni, na harufu ya plastiki mbichi ya Guangzhou, China, ikanirudia puani.

Mchana mmoja huko, nikiwa na miaka mitano, maduka ya jirani yalikuwa yakishusha milango ya chuma kwa kishindo. Mjapani wa kampuni ya filamu za madubwana aliingia dukani tulimokuwa, akawa anakagua nyayo za madubwana ya kuchezea. Laoban, mwenye duka, alilowa jasho. Mama, aliyekuja kuchukua mzigo wa Dar, alikalia boksi. Nikadhani yule ni daktari. Nikampelekea dubwana nililopewa na laoban nichezee.

"Huyu naye mguu unamuuma."

"Yarabi!" Mama alinong'ona.

Mjapani akautazama unyayo, akatabasamu, akanirudishia, akaondoka.

"Mama, kumbe mzima!"

Hakuinuka. Sasa najua langu ndilo lililokuwa halisi, lenye mhuri wa kampuni. Nakala zake Mama alikuwa amezikalia.