Maji Mengi Aenda kwa Walutheri

Jina la Maji Mengi alijitakia mwenyewe. Kila mteja aliyeingia kwenye karakana yake kuagiza kitanda, au kuulizia meza iliyochelewa, alitoka amehubiriwa kwamba ubatizo ni wa mtu mwenye akili zake anayejua anachofanya, tena ni wa kuzamishwa mzima mzima, na maji yawe mengi. Aliyasema hayo penseli ikiwa juu ya sikio na randa mkononi, na kwa kuwa hakuna anayethubutu kubishana na seremala aliyeshikilia kitanda chake, wateja waliitikia. Mtaa ukampa jina, likamganda.

Kwa hiyo Jumapili ile alipoonekana amevaa koti lake la sherehe za watu, akapita mlango wa kanisa lake la Kibaptisti bila kuingia na kuendelea hadi mtaa wa pili kwa Walutheri, waliomwona walidhani akili zimemruka. Muuza magazeti alimpigia kelele, "Maji Mengi, leo kisima kimekauka?" Hakumjibu. Mtu wa maneno akinyamaza, ujue ana jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa mkewe, aliyefariki miezi minane nyuma. Alikuwa Mlutheri, amebatizwa ana miezi mitatu kwa maji ya kiganja kimoja. Walipooana alimfuata mumewe kwa Wabaptisti, maana mumewe alisema nyumba moja, kanisa moja. Alikubali yote isipokuwa moja. Kwa Wabaptisti wale, asiyezamishwa si mshirika, na asiye mshirika hagusi Meza ya Bwana. Walipomtaka azamishwe ili mambo yaishe, alisema, "Mimi nilishabatizwa. Mungu hajasahau." Mumewe alimtania kwamba yeye hakubatizwa, alinyunyiziwa tu kama mche wa kitaluni. Naye akamjibu kwamba mche ulionyunyiziwa huota, gogo lililozamishwa huoza, na seremala anapaswa kulijua hilo. Walicheka wote wawili, na jambo likabaki pale pale.

Likabaki miaka thelathini na moja. Jumapili ya kwanza ya mwezi Wabaptisti walikula Chakula cha Bwana, na shemasi wa kupitisha sinia alikuwa Maji Mengi. Sinia alilichonga yeye mwenyewe, la mbao ngumu nyekundu, lenye vishimo arobaini vya kukalia vikombe vidogo vya juisi ya zabibu. Juisi hiyo ilichemshwa na mkewe Jumamosi. Vikombe hivyo vilioshwa na mkewe Jumapili mchana, kimoja kimoja, kwa kitambaa na ncha ya kidole. Katikati ya kazi hizo mbili, sinia lilipofika kwenye benchi lake, mumewe alilinyanyua kidogo, akalipitisha juu ya magoti yake, akampa jirani. Mke alitazama mbele. Miaka ya mwanzo shemasi aliona uchungu. Baadaye mkono ukazoea.

Mke huyu hakuwa mtu wa kuomba. Lakini kila mwaka, kwa karibu miaka ishirini, aliomba kitu kimoja, mara wakikunja shuka, mara wakimenya viazi. "Siku moja tu, twende wote kwetu. Ukae na mimi." Mumewe alisema, tutaenda. Mara kazi zimebana, mara kuna semina ya mashemasi, mara mvua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa lililoumia halikuwa la mwenye kungojesha. Tutaenda ikazaa tutaenda, hadi alipomchongea jeneza kwa mikono yake, akijifuta macho kwa mkono wa shati ili machozi yasidondokee gundi.

Sasa alikuwa anatimiza ahadi nusu. Alitaka kukaa pale mkewe alipotaka wakae. Na kulikuwa na neno moja alilomficha, ambalo lilikuwa linamkaba tangu mazishi. Alitafuta mahali pa kulitua.

Mlangoni alikuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi cherehani, keshavaa joho la kwaya.

"Shemeji! Ni wewe kweli? Umekuja kutuzamisha?"

"Leo maji nimeyaacha nyumbani."

"Basi karibu, sisi tunayo ya bakuli." Alicheka, kisha macho yakamlengalenga. Alimpa kitabu cha nyimbo na kumpeleka benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa ukuta. "Dada alikuwa anakaa hapa. Mama alikuwa anatubana hapa na ukuta tusicheze." Akaenda zake kwa wanakwaya.

Seremala akapitisha mkono chini ya benchi, maana mazoea yana tabu. Viungo vilikuwa vimekaza, hakuna msumari hata mmoja. Iliudhi kidogo, Walutheri kuwa na fundi mzuri namna hiyo. Kisha akakaa kwenye ile pembe na kuweka bega ukutani, akamtamani mkewe awe kando yake. Bega la mtoto lilikuwa limeegemea hapo, kabla yeye hajamjua. Familia moja ikaja kuomba nafasi, akawapisha waingie ukutani, naye akabaki mwisho wa benchi, kwenye njia.

Ibada ilipoanza alijikuta kama mgeni kwenye mchezo asioujua. Waliposimama, alisimama. Walipoketi, yeye ndiyo kwanza alikuwa amepata ukurasa. Walipoinamisha vichwa alikuwa ametoa macho, anamwangalia mchungaji. Kando yake alikuwepo bibi mmoja kikongwe aliyekariri kila kitu, akawa anamfungulia kurasa pasipo kumtazama.

Ndipo wakafika kwenye toba. Wote kwa sauti moja, wakisoma kitabuni, walisema mbele za Mungu kwamba wamekosa, kwa waliyoyatenda na kwa waliyoyaacha. Maji Mengi alikuwa amezicheka sala za kusoma maisha yake yote. Kwao mtu huomba kwa maneno yake, yakitoka moyoni. Lakini sasa alijua pia kwamba mtu akiachiwa achague maneno mwenyewe anaweza kuomba miaka kumi na tisa bila kuligusa lile linalomhusu. Kitabu hakikumwachia achague. Alisoma mpaka katikati ya sentensi, sauti ikakatika.

Ni miaka kumi na tisa tangu mchungaji mmoja kijana, mwenye moyo laini, alete hoja kwenye kikao cha washirika kwamba wenzi wa ndoa waliobatizwa utotoni waruhusiwe mezani. Wabaptisti hawana askofu wa kuwaamulia. Huamua wenyewe kwa kunyoosha mikono. Wasio washirika waliombwa watoke, na mke wa shemasi akatoka na mwavuli wake, kulikuwa na manyunyu. Mchungaji akauliza wanaokubali, akahesabu. Akauliza wanaokataa. Shemasi alikuwa mbele ya watu wote, na aliogopa waseme anaipinda imani kwa ajili ya mke. Akanyoosha mkono. Aliunyoosha mapema, kabla ya wengine, na waliokuwa wanasitasita wakamtazama yeye, nao wakanyoosha ya kwao. Hoja ikaanguka.

Nje mkewe alimfunika kwa mwavuli, akamuuliza, "Vipi?"

"Wamekataa," alisema, kana kwamba yeye hakuwamo.

"Haya," mkewe akasema, wakaenda nyumbani.

Hilo ndilo lililomkata sauti. Bibi kikongwe akamwonyesha mstari kwa kidole, akidhani amepotea, na yeye akaumaliza kwa kunong'ona.

Baada ya toba mchungaji aliimba kipande kifupi, na kanisa zima likamjibu kwa kuimba. Seremala akashtuka. Lile jibu alilijua. Ndio wimbo wa mkewe wa kuoshea vikombe, ule aliokuwa anauimba kwa kufumba mdomo pale kwenye beseni. Anaguna kidogo, ananyamaza, anaguna tena. Alimtania miaka yote kwamba wimbo wake una matundu, kwamba ameusahau nusu. Hakuwa amesahau kitu. Matundu yale ndipo mchungaji anapoimba. Alikuwa anangoja zamu ya mwenzake ipite, halafu anaitikia, peke yake, mikono kwenye povu. Maji Mengi aligeuka amwambie mtu "Kumbe!" na mtu wa kuambiwa alikuwa mmoja tu. Tangu siku ya mazishi hakuwa ameuhisi upweke kama ule.

Mahubiri yalikuwa mafupi na ya maana, na kwenye maana yenyewe akajisahau. "Amina!" alipiga kwa kifua chake chote, kama kwao, ambako mahubiri bila Amina ni mchuzi bila chumvi. Amina ile ilianguka peke yake katikati ya ukimya. Mabenchi matatu yakageuka. Kwenye kwaya shemeji yake akaficha uso kwenye kitabu, mabega yakimtikisika.

Bibi kikongwe akampigapiga gotini taratibu. "Ni neno zuri, baba. Lakini lina zamu yake."

Ikaja Meza ya Bwana. Watu walitoka benchi kwa benchi kwenda kupiga magoti mbele, na mzee mmoja wa kanisa alisimama kwenye njia akiwaruhusu. Zamu ya benchi lao ilipofika, wote wakainuka. Maji Mengi akavuta magoti yake pembeni ili wampite. Walimpita mmoja mmoja, nguo zao zikimgusa, na yeye akatazama mbele. Hapo ndipo alipojua mkewe alikuwa anatazama nini miaka yote ile. Hakuna kitu pale mbele. Mtu anatazama tu, ili asitazamwe.

Mzee wa kanisa aliinama. "Mzee mwenzangu, umebatizwa?"

"Nimebatizwa."

"Basi twende."

"Mimi ni Mbaptisti."

"Sawa," alisema yule mzee, na alikuwa bado amenyoosha mkono kuelekea mbele. "Watu wanangoja."

Akainuka. Alijua kesho mtaa mzima utakuwa na habari yake, na mashemasi wenzake watamwita. Alipiga magoti kando ya bibi kikongwe. Kulikuwa na mto mrefu wa kupigia magoti, umebonyea kwa magoti ya watu wa miaka mingi, na mkewe alipokuwa msichana aliwahi kupiga magoti hapo. Mkate ukaja. Kikombe kikaja, kimoja cha watu wote, na kilikuwa na divai ya kweli. Yeye alikuwa ametegemea juisi. Ilimshika kooni, akakohoa mpaka mchungaji akamngoja. Mkewe angecheka siku tatu. Walikuwa wamekula pamoja miaka thelathini na moja, mezani, kitandani wakiwa wagonjwa, chini kwenye mkeka walipokuwa hawana viti, na mlo huu mmoja hawakuwahi kuula pamoja, na sasa aliula akiwa peke yake.

Ibada ilipokwisha alimngoja shemeji yake kwenye ngazi za nje. Alikuja akikunja joho.

"Shemeji, nina neno."

"Sema."

"Kile kikao chetu cha zamani, cha kuwaruhusu mezani. Dada yako alikuwa nje." Akaangalia viatu vyake. "Mimi nilinyoosha mkono. Wa kukataa. Tena nilikuwa wa kwanza."

Shemeji alimaliza kulikunja joho, akaliweka kwapani.

"Najua."

"Unajua?"

"Dada aliniambia."

Seremala akakaa kwenye ngazi, si kwa kupenda. "Nani alimwambia yeye?"

"Mke wa mhazini wenu, wiki ile ile. Jambo kama lile litafichika, shemeji?"

"Sasa mbona hakuniuliza?"

"Nilimwambia akuulize. Nilimwambia, dada, mgombane hata kama ni mwezi mzima, kisha yaishe. Akakataa. Akasema akikuuliza utakubali kwa sababu umeshikwa. Alitaka umwambie mwenyewe, kwa hiari yako. 'Ataniambia,' ndivyo alivyosema. Halafu ndiyo akaanza ile habari ya siku moja twende wote kwetu. Alisema labda ukisikia watu wanatubu kwa sauti utapata pa kuanzia."

Watu walikuwa wanashuka ngazi, wanawapita huku na huku, wanasalimia. Maji Mengi hakuwaona. "Nilikuwa nitamwambia," alisema. "Kule hospitali nilikuwa karibu kabisa kumwambia."

Shemeji aliketi kando yake. Aliposema hakuwa na hasira, ndiyo maana iliuma zaidi. "Wiki ile ya mwisho, kila ulipoingia alikuwa anatutoa wote chumbani. Mimi, watoto, hata muuguzi. Wewe ulidhani ni kwa nini?"

Alidhani mkewe anataka utulivu. Kwa hiyo alivuta kiti akampa habari za kumchangamsha: mbao zilizofika zimelowa, mlango wa jirani alioutengeneza ukagoma kufunga, mzee mnene aliyebatizwa na mashemasi wawili wakateleza naye majini. Aliongea sana, kila siku. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, macho hayambanduki usoni, na alipomaliza alimshika mkono na kumuuliza, "Ni hayo tu?"