Fomu ya Baba

Walimu walipogoma, mwisho mwisho wa miaka ya tisini, nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, huko Mbaraki. Saa ya chai wenzangu hawakuwa na mazungumzo mengine. Mmoja wao, mwanamume aliyeshinda kutwa akigonga mihuri, akasema mwalimu aongezwe mshahara wa nini, na saa tisa yuko kwake amelala. Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa. Mkubwa wetu akaniambia nitoke nje nikapunge upepo. Hasira zangu ziko karibu, najijua, lakini siku ile nilikuwa na haki. Mwezi wangu wa kwanza pale nilipokea zaidi ya baba yangu, aliyekuwa amefundisha miaka zaidi ya ishirini. Nasema mpaka leo, mwalimu alipwe zaidi kuliko karani, na mimi nilikuwa karani.

Baba alifundisha shule ya msingi, na nyumbani kwetu Kibokoni alikuwa mwandishi wa mtaa mzima, bila malipo. Nilipokuwa msichana, vijana walikuwa wakienda Uarabuni kama watu waendao sokoni, na fomu zao za kazi zilikuwa za Kiingereza. Walikuwa wakija baada ya alasiri, wakivua viatu mlangoni. "Masalkheri, mwalimu. Nina taabu kidogo." Taabu yenyewe ni fomu ya kurasa nne! Baba aliuliza, akaandika, kisha akaisoma yote tangu mwanzo kabla ya mwenyewe kutia sahihi. Wengi aliwafundisha yeye, na mmoja wao baba aliwahi kumrudisha darasa mara mbili. Huyo alikwenda kuwa mlinzi wa ghala, na baada ya miaka miwili akarudi, akaezeka upya nyumba ya mama yake na kutia marumaru hadi jikoni.

Mama alikwenda kuitazama nyumba hiyo. Aliporudi alimaliza kufua kwanza, ndipo akamuuliza baba.

"Huyu si yule uliyekuwa ukisema hajui kugawanya?"

Baba akacheka. Mama hakucheka. Tangu nipate akili nilimwona akishona kofia za kuuza, na macho yalikuwa yamemchoka. Kaka yangu alikuwa ameitwa shule ya sekondari ya bweni, na sote tulijua haendi, kwa mshahara ule wa baba. Sitaki mtu amwone mama mbaya. Alikuwa akisema kweli.

"Umewajazia wote," alimwambia baba. "Sasa jaza yako."

Wakala wa kazi, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa, alimpa baba fomu pamoja na nasaha. Huko walitakiwa walinzi, walimu hawakutakiwa. Asiandike kabisa kwamba amefundisha, maana matajiri hawataki mlinzi aliyesoma, atawauliza maswali. Aandike ulinzi, miaka kumi. Baba alitueleza hayo huku akila, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki.

Jumamosi, baada ya alasiri, aliniita ukumbini. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Akanipa kalamu, akasema macho yanamuuma. Uongo mtupu! Asubuhi ile ile alikuwa amesahihisha madaftari ya darasa zima. Alinisomea kama imla, amesimama, mikono nyuma, kila neno mara mbili. Jina. Mahali pa kuzaliwa. Dini. Tulipofika pa kazi akaenda dirishani.

"Andika mlinzi. Miaka kumi."

"Lakini baba..."

"Andika, mwanangu."

Nilichemka. Si yeye niliyemkasirikia. Nilimkasirikia wakala, na yule wa marumaru, na mimi mwenyewe pia, kwa kuwa nilitaka kaka aende shule na baba asiende popote. Nikaandika, kwa herufi kubwa, kwamba kazi yake ni ualimu, na kwamba ameifanya miaka kumi na tisa.

Tulipomaliza, baba aliichukua fomu, akavaa miwani, akaisoma tangu mwanzo, kidole chini ya kila mstari. Kilipofika pale, kikasimama. Nilingoja kofi, au aniambie nikachukue fomu nyingine. Hakuniangalia hata. Kidole kikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, akatia sahihi, akaikunja, akaitia ndani ya bahasha.

Jibu lilikuja kabla ya Ramadhani. Wakala alimwita mama akamrudishia fomu, akamwonyesha mstari wenyewe, akamuuliza kwa nini mumewe ni mkaidi hivi. Mama alirudi, hata buibui hakuvua, akaiweka fomu mbele yetu.

"Nani kaandika haya?"

Aliniangalia mimi kwanza. Kiingereza hakukijua, lakini mwandiko wangu aliujua vizuri. Nikafungua mdomo.

"Mimi," baba akasema.

"Huu si mkono wako."

"Tazama sahihi."

Mama akaitazama. Alikaa kitako sakafuni akalia kwa sauti, na mimi sikuwahi kumsikia akilia hivyo, hata kwenye matanga. Baba hakumkatiza. Wala hakunitazama. Mama alipomaliza akajifuta uso kwa ukaya wa buibui.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nenda kamwambie mwanao kwamba haendi."

Baba akainuka, akapanda ngazi kwenda kumwambia. Na mimi niliyeandika nikabaki nimekaa.