Mapasa wa Mama Ciza

Pétronille, mchoma samaki wa soko la Kalimabenge, hajawahi kuzaa, wala mapacha wala mmoja. Nalisema bila kupunguza sauti kwa kuwa mwenyewe ameshalitangaza.

Aliteremka kutoka milima ya Bijombo wakati wa vita, mgongoni kabeba mtoto wa jirani aliyeuawa. Alitaka awe wake, basi. Tukamwuliza mtoto anaitwa nani, akajibu "Ciza," na hapo ulimi ukamponza. Huku kwetu Ciza ni yule anayezaliwa baada ya mapacha. Wanawake wakadakia: mapacha wako wapi? Akasema wamekufa, akaangua kilio. Tangu hapo tukamwita mama mapasa, yaani mama wa mapacha, nasi tulimpenda sana.

Ciza alipokuwa msichana mkubwa, akaja Libérate, naye wa Bijombo. Mwanamke huyo, Mungu anisamehe, simpendi hata leo. Alimwinamia Pétronille sikioni: "Weye haukuzalaka. Minye najua." Kuanzia siku hiyo samaki wa mukeke mnene kuliko wote akawa wa Libérate, bure. Sisi tukawadhani chanda na pete!

Ciza akachumbiwa na kijana wa Bwegera. Libérate akataka zaidi: siku ya mahari akae kiti cha shangazi, avishwe kitenge cha heshima. La sivyo, atasema mbele ya wakwe.

Pétronille aliogopa kumpoteza binti yake kuliko alivyoogopa aibu. Asubuhi moja, akimsuka, alimweleza yote, amekaa nyuma yake ili binti asiuone uso wake.

Ciza akauliza: "Na mapasa? Minye nabaombeaka kila Jumapili. Nabo ni bongo, ulinidanganya?"

"Hapana, mwanangu. Bukuru na Butoyi balikuwako. Mama yako alibazala. Minye nilikuwa nabalisha uji. Balikufa naye siku moja. Pale sokoni nilikuwa nabalilia bo."

Ciza aliushika mkono uliokuwa kichwani mwake, akaulaza shavuni. Machozi yalimtoka. "Maliza kunisuka, mama," akasema.

Siku ya mahari Libérate alijaa kitini, kajipaka mafuta mpaka anang'aa. Pétronille akasimama, akawasimulia wakwe kila kitu, kisha akamgeukia kwa sauti ya upole: "Dada Libérate iko shahidi. Atuambie kama nimesahau kitu." Jamani, kisasi kina utamu! Siri ambayo Libérate alikuwa akiilia samaki ilikuwa imeliwa na watu wote.

Baba mkwe, mzee wa watu, alibaki ameshika kitenge cha mama mzazi, hajui pa kukipeleka. "Sasa hiki nimupe nani?" akauliza.

Ciza hakungoja wazee washauriane. Alikichukua mikononi mwake, akamfunga Pétronille kiunoni, akalikaza fundo, akalikaza tena.

"Huyu ndiye alinizala," akasema, na hakuna aliyembishia.