Muosha Matangi ya Baruti ya Maji

Mwaka 1987, kwenye uwanja wetu wa majaribio ya silaha kule Maryland, Marekani, wasomi walipandwa na wazimu mmoja: kuachana na baruti ya unga na kuulisha mzinga baruti ya maji. Itapigwa pampu nyuma ya kombora, vita vimekwisha! Itakuwa tayari mwakani, walisema. Kila mwaka ilikuwa mwakani.

Delbert Hutzell hakuwa msomi. Aliosha matangi, mwaka wa ishirini na tatu huo, na bima ya kazi hiyo ndiyo iliyomtibu mkewe mgonjwa. Maji yale yana kisirani: yakigusana na shaba, yanaanza kuchemka yenyewe. Kwa hiyo Hutzell alifuta kila bomba kwa kitambaa cheupe, na kikitoka safi ndipo anaisaini kadi. Bila sahihi yake, hakuna kujaza mzinga.

Siku ya kuja majenerali, mkuu wetu, Daktari Prentiss Ames, aliona bomba limefubaa. Aibu iliyoje! Akaagiza lisuguliwe ndani na nje. Vijana wake wenye shahada wakalisugua, tena kwa brashi ya shaba. Usomi wote ule, jamani, kichwani hamna kitu.

Kitambaa cha Hutzell kikatoka na vumbi la njano. Akaomba siku moja aoshe upya.

"Mzee wangu, wageni wako nje wanakunywa kahawa," Ames akamwambia. "Vumbi lenyewe hata jicho haliwashi."

"Basi sisaini, Doki."

"Kazi unaitaka, huitaki?"

"Naitaka sana. Mke wangu unamjua hali yake. Lakini sisaini."

Ames akacheka, akaingia chumba cha mitambo kuwasha pampu. Hutzell akawaendea majenerali mwenyewe, akawadanganya kwamba kahawa ya moto iko nyuma ya ukuta wa zege. Wakamfuata kama vifaranga. Kabla mtu hajagusa swichi ya kufyatulia, mzinga ukapasuka, viti vyao vikawa kuni.

Tume ya uchunguzi ilikaa wiki sita. Ikaona maji hayana kosa, Daktari hana kosa. Mzinga ulijazwa bila sahihi, na mwenye jukumu la sahihi ni Hutzell. Ames akapandishwa cheo, mshenzi yule.

Barua ya kumwachisha kazi Hutzell nilitumwa mimi kuipeleka. Chini palikuwa na mstari wa kuthibitisha ameipokea. Aliisoma mara mbili, akaniomba kalamu, akasaini.