Solvej na Wiki ya Hamsini na Tatu

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu ya baada ya Krismasi. Nje bado ni giza na barabara za Hvidsted, mji mdogo wa Denmark, zina barafu. Katika jiko linalowapikia wazee wa mji huu, sufuria zimeanza kutoa mvuke, lakini Solvej Kjærulff hana habari na sufuria. Amesimama mbele ya printa, vidole amevificha ndani ya sweta, anasubiri ikohoe.

"Ukiikodolea macho hivyo itaona haya," mpishi mkuu, Torben Bisgaard, anamtania huku akikoroga mchuzi.

"Ione haya, lakini ichape," anajibu Solvej.

Karatasi anayoisubiri ndiyo huwaambia madereva chakula gani kiende nyumba gani: nani amekatazwa chumvi, nani hana meno, nani agongewe dirisha kwa sababu hasikii kengele. Madereva wa zamu ya sikukuu ni wanafunzi walioajiriwa kwa muda. Bila karatasi hiyo hawajui mlango hata mmoja. Na leo ni siku ya kwanza ya wiki ya hamsini na tatu.

Huku mwaka huhesabiwa kwa wiki. Daktari wa meno atakupa wiki ya kumi na moja, fundi bomba ataahidi wiki ya thelathini, na kila mtoto anaijua wiki yake ya likizo ya baridi. Kwa kawaida mwaka huishia wiki ya hamsini na mbili. Lakini kila baada ya miaka mitano au sita wiki moja huzidi, na wengi huisahau mpaka iwakute mlangoni.

Solvej, mwenye umri wa miaka 62, alikuwa miongoni mwa waliowaonya wenzao wasiisahau.

Yeye ni mtunga programu za kompyuta. Pamoja na kazi yake ya mshahara, kwa miaka mingi ameendesha ukurasa wa mtandaoni unaoitwa Stumper, yaani vipande. Humo huweka vipande vifupi vya msimbo, yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata, kila kimoja na maelezo yake kwa lugha nyepesi: jinsi ya kupanga majina yenye herufi za Kidenmark, jinsi ya kusoma tarehe iliyoandikwa kinyume, jinsi ya kuizuia programu isitume barua ileile mara mbili. Mtunga programu aliyekwama huja, hunakili, hubandika kwenye kazi yake, kisha huenda kunywa kahawa.

"Hawasemi hata asante," anasema Solvej akicheka. "Ni mmoja tu, wa kisiwani Bornholm, aliyenitumia samaki wa moshi. Posta nzima ilinuka."

Ukurasa huo humgharimu kroner tisini kwa mwezi. Haujawahi kumwingizia chochote.

Hakuanzia kwenye kompyuta. Alikuwa akikunja mashuka katika kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, hadi mabega yalipoanza kumkatalia. Ndipo akajiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta. Kwa misimu miwili ya baridi alitoka kazini, akapanda baiskeli, akaketi darasani nywele zikinuka sabuni. Masomo ya jioni hayana joho wala gwaride, lakini kile anachokipata mtu kwa kushindana na usingizi wake mwenyewe hakimtoki kirahisi.

"Kuandika maelezo kulianzia huko," anasema. "Nilikuwa nasinzia. Nisipoandika kila hatua, kesho yake nakodoa macho kama sijawahi kuiona kompyuta."

Mwezi Novemba, Torben alimpigia simu. Programu ya jiko, ambayo Solvej aliitengeneza na wenzake wa kazini miaka minne iliyopita, ilikuwa imekataa kupanga chakula cha wiki ya mwisho ya mwaka.

"Inaniambia wiki hiyo nilishapika Januari," Torben anakumbuka. "Nikamwambia, dada, uzee upo, lakini sijafikia hapo."

Solvej akaja jikoni, akafungua programu. Ndani yake akakuta kipande kifupi ambacho, kikifika hamsini na mbili, hurudi kwenye moja. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya Desemba ilidhaniwa kuwa ile ya kwanza ya Januari, ambayo chakula chake kilishaliwa zamani. Programu ikaona haina kazi tena.

Alikitambua kipande hicho. Kilitoka Stumper. Kwenye ukurasa huo alikuwa ameweka vipande viwili vya kuhesabu wiki. Cha juu kilikuwa na kosa, aliloliacha makusudi ili wanaoanza waone wanapojikwaa. Chini yake kulikuwa na onyo, na chini ya onyo, kipande sahihi. Mtu alikuwa amenakili cha juu akaenda zake.

"Nilipandwa na hasira," anasema. "Nikasema kwa sauti, Torben yuko pale pale: ni mvivu gani huyu asiyesoma hata mistari miwili?"

Kila badiliko la programu huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya. Solvej akatafuta jina la mvivu. Lilikuwa lake.

Torben hawezi kuisimulia sehemu hii bila kuweka mwiko chini. "Shingo ikawa nyekundu! Nikamwambia, haya, tumpigie simu huyo mvivu? Akasema, 'Torben, nyamaza.' Nikakoroga mchuzi mara mbili. Halafu nikamuuliza: keki lini?"

Kwenye kazi za huku, aliyevuruga huleta keki. Solvej alioka ya nazi na sukari ya kahawia, trei nzima.

Kuirekebisha programu hakukumchukua muda. Kilichomnyima raha ni wengine walionakili kipande kilekile. "Kama mimi niliyeliandika onyo sikulisoma," anasema, "nani atalisoma?"

Akaupindua ukurasa. Kipande sahihi kikapanda juu. Chenye kosa akakiharibu kabisa, ili anayekinakili akataliwe na kompyuta yake papo hapo. Halafu akawaandikia wasomaji wote, akaeleza kosa lilivyotokea na nani alilifanya. Majibu yakaanza kuingia: bwawa la kuogelea la Uswidi, magari ya taka ya Norway, kanisa moja la kisiwa cha Fyn ambalo kengele zake zingekaa kimya wiki nzima. Baadhi yao waliambatisha picha za keki zao.

Hata hivyo, programu iliyojaribiwa mezani si sawa na mzee aliyekula. Ndiyo maana leo, siku ya likizo yake, Solvej yuko hapa.

Printa inakohoa. Karatasi inatoka taratibu. Juu imeandikwa Wiki ya 53, lakini kidole cha Solvej kinashuka moja kwa moja hadi kwa Nørby, Aksel: bila chumvi.

"Kumbe inajua kuhesabu," anasema Torben.

"Nyamaza, pakua," anasema Solvej, akipangusa macho kwa mkono wa sweta.

Aksel Nørby, mwenye miaka 88, anaishi ghorofa ya chini ya nyumba anayoishi Solvej. Mchana Solvej anampelekea chakula mwenyewe.

"Ni wewe binti uliyetaka kunilaza njaa?" anauliza mzee, akifungua mfuniko.

"Nani kakwambia?"

"Torben. Tena aliniletea kipande cha ile keki. Kosea tena." Anaonja mchuzi, anakunja uso. "Hauna chumvi. Hilo kosa mbona hukulirekebisha?"

Wiki nyingine ya namna hii itakuja baada ya miaka sita. Solvej atakuwa amestaafu. Kabla ya hapo anataka kukipitia kila kipande cha Stumper, onyo likae juu, kisha aukabidhi ukurasa kwa mtu mwenye subira.

"Miaka sita?" Aksel anahesabu kwa uma. "Nitakuwa na tisini na nne. Nitakula nini siku hiyo?"

"Sijui, mzee wangu."

"Si unaandika andika kila kitu? Andika na hilo."

Jioni hiyo, juu ya kipande cha kuhesabu wiki, ukurasa wa Stumper ulikuwa na mistari miwili mipya. "Solvej, soma hapa kwanza," ulisema wa kwanza. Na wa pili: "Wiki hii ipo, na Aksel atataka kula."